Kiswahili kimepewa birika, kikanyimwa maikrofoni

Mimi huenda Dubai mara tatu kwa mwaka kununua nguo za watoto za duka langu hapa Thika. Kwenda hulala. Kurudi ndiko kugumu: saa tano hewani, kichwa kimejaa hesabu. Safari iliyopita nilitoa daftari na kalkuleta, nikaanza kugeuza dirhamu kuwa shilingi. Dirhamu moja ni kama shilingi 35, kwa hivyo rompa ya dirhamu 12 imeshafika 420 kabla sijalipa kago, ushuru na vijana wa kubeba. Kufika ukurasa wa pili nikaona wazi kwamba mtumba wa Gikomba bado utanishinda bei. Nikafunga daftari.

Nikawasha skrini. Filamu za Kihindi zilikuwa tele, za Kiarabu tele, za Kikorea na za Kifilipino zikafuata. Nikapekua hadi kidole kikachoka. Ya Kiswahili sikuona hata moja, na ndege yenyewe ilikuwa inakuja Nairobi, imejaa watu wa Githurai, Kisii na Eldoret.

Dirishani alikaa binti wa Ruiru aliyekuwa akirudi baada ya miaka miwili ya kazi za nyumbani huko Al Ain. Chakula alikula, ila keki hakuigusa. Aliikunja kwenye karatasi ya kupangusia mikono, akaitia mkobani pamoja na vikopo viwili vya siagi.

"Ni ya kijana wangu, anti," akaniambia. "Nilimwacha hajui kusema."

Tukiwa juu ya bahari, ndege ikaanza kurukaruka kama matatu iliyoacha lami. Rubani akatangaza kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza cha mbio, spika zikikoroma. Mimi niliyemaliza kidato cha nne sikuokota neno. Binti akanishika mkono. "Anasema ni mawingu, dakika 15 tu. Tufunge mikanda."

Alikuwa amesikia kile Kiarabu, alichojifunzia jikoni kwa watu. Akaniambia hata mimi ningeambulia kidogo kama ningetega sikio, kwani dakika yao ndiyo dakika yetu, na msafiri wao ndiye msafiri wetu. Tukacheka, ingawa mimi nilicheka nikiwa nimeshika kiti kwa mikono miwili.

Lakini hebu fikiria. Mkenya yuko kwenye ndege inayomrudisha kwao, na ili ajue kama atafika salama inabidi mwenzake amtafsirie kutoka Kiarabu.

Nimewahi kuambiwa kwamba Wakenya wote wanajua Kiingereza. Aliyesema hivyo hajakaa kule nyuma karibu na choo, kwenye safu za tiketi za bei nafuu. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. UNESCO ilikitengea siku yake, Julai 7, mwaka wa 2021, na kila mwaka siku hiyo hatukosi hotuba.

Wala wenye ndege hawawezi kusema hawana wa kusoma tangazo. Wanaajiri vijana wetu. Katika safari hiyohiyo mhudumu mmoja aliinama, akatuuliza kwa sauti ya chini, "Chai ama kahawa?" Lafudhi ilikuwa ya kwetu kabisa. Kumbe Kiswahili kilikuwemo ndegeni, kikishika birika.

Wanaotoa vibali vya ndege za abiria kutua Nairobi waweke sharti moja: maelezo ya usalama na matangazo ya dharura yasomwe kwa Kiswahili pia. Hayo hayamalizi hata dakika tano. Filamu nimewasamehe.

Tulitua usiku, tukachangia teksi kupitia Eastern Bypass, Ruai hadi Kamakis, ambako moshi wa nyama choma uliingia garini. Binti alishuka Ruiru, mkoba ameukumbatia kifuani asiponde ile keki. Mimi nikapanda matatu ya Thika. Makanga, kijana ambaye hata sare hakuwa nayo, alitangaza kila steji kwa sauti: wa Juja wasogee mlangoni, wa Ngoingwa wajiandae, mwenye mzigo auangalie. Kila mtu alimwelewa. Nauli ilikuwa shilingi mia.