Jina la mama halihitaji wino wa ngozini

Kila sifa njema ni za Allah (SW), aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na masahaba wake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, Ijumaa hii tumekusudia kuzungumzia jambo lililokwisha kuingia majumbani mwetu, ilhali wazazi wengi hawajui walikabili vipi. Nalo ni kuchora mwili kwa sindano na wino, ambako vijana hukuita tatuu na vitabu vya fiqhi hukuita al-washm.

Siku moja baada ya Swala ya Alasiri alitujia kijana wa miaka ishirini na ushei, mwenye adabu, wala si mgeni msikitini. Mama yake alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Alitueleza kuwa ameweka akiba ili achorwe jina la mama yake mkononi, kwa herufi za Kiarabu. Akasema: "Sheikh, mimi sifuati mkumbo. Wenzangu wanachora simba na nyota kwa kuwa wamewaona wachezaji wa mpira. Mimi nataka kitu chenye maana. Na je, amali si kwa nia?"

Tunakiri kuwa maneno yale yalitugusa. Anayechora kwa kufuata fasheni jawabu lake ni jepesi: fasheni hupita, ngozi hubaki. Lakini huyu alikuwa amepima kabla ya kutenda, na lililomsukuma ni mapenzi kwa mzazi wake, ambayo dini yenyewe imeyaamrisha. Kumfukuza kwa neno moja tu la "haramu" kungekuwa ni kumdhulumu.

Hata hivyo, hukumu haifichwi. Katika hadithi sahihi walizozipokea Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) amemlaani mwenye kuchanja chale za namna hii na mwenye kuomba kuchanjwa. Na katika Surat An-Nisaa, aya ya 119, Allah (SW) anatueleza ahadi ya Shetani kwamba atawaamrisha wanadamu wabadilishe maumbile aliyoyaumba Mola wao. Kwa dalili hizi jamhuri ya maulamaa wamekataza al-washm.

Wala tusidhani kuwa chale zenye maana ni uvumbuzi wa vijana wa leo. Wamakonde, huku kwetu kusini na ng'ambo ya Mto Ruvuma, walichanja nembo usoni na kuzipaka masizi ya mkaa ili zibaki nyeusi. Mtu alitambulika kwazo kuwa ni wa watu fulani. Wanawake wa Kiamazigh wa Moroko na Algeria walichora videvu na vipaji vya nyuso zao kwa alama za kabila, za ndoa na za kujikinga na husuda. Hao wote hawakufuata fasheni. Kila mstari ulikuwa na maana yake. Lakini katazo lilipokuja halikuigawa michoro katika mafungu mawili, yenye maana na isiyo na maana.

Ama hoja ya nia, ni kweli kwamba amali hulipwa kwa nia. Lakini nia njema huitia thamani amali iliyo halali. Haiigeuzi haramu ikawa halali. Mwenye kuiba ili ajenge msikiti ana nia ya msikiti, na bado ni mwizi.

Tena tulimwonesha kijana wetu jambo moja dogo. Tulichukua karatasi tukaliandika jina la Rahma kwa Kiarabu. Kisha tukaweka nukta moja tu juu ya herufi ya haa, ikawa khaa, na neno likageuka kuwa rakhama, ambaye ni ndege tai mla mizoga. Tukamwuliza: huyo mwenye sindano anazijua herufi hizi? Na jina likiwa na jina la Allah ndani yake, kama Amatullah, utaingia nalo chooni kila siku? Karatasi ukikosea huichana. Wino wa tatuu umekaa ndani, chini ya tabaka la juu la ngozi, na kuuondoa kwa mwali wa leza huhitaji kurudi kwa tabibu mara nyingi, kwa gharama na maumivu. Sindano chafu nayo huweza kuambukiza homa ya ini. Hata Umoja wa Ulaya, usiotazama mambo haya kwa jicho la dini, ulianza Januari 2022 kudhibiti maelfu ya kemikali katika wino wa tatuu kwa kuhofia madhara yake.

Alinyamaza, kisha akasema neno ambalo ndilo lililokuwa moyoni mwake tangu mwanzo: "Sheikh, nachelea nitamsahau."

Ndugu wasomaji, hapo ndipo penye jambo lenyewe. Wengi wanaotafuta mchoro wenye maana wanaogopa kusahau. Na dini yetu haikuiacha hofu hiyo bila dawa. Katika Surat Al-Israa, aya ya 24, tumefundishwa kuwaombea wazazi wetu rehema kwa vile walivyotulea udogoni. Mwenye kuiomba dua hiyo kila baada ya swala atamkumbuka mama yake mara tano kwa siku. Na Saad bin Ubada (RA) alipofiwa na mama yake, alimwuliza Mtume (SAW) kama sadaka itamfaa. Alipojibiwa kuwa itamfaa, aliitoa bustani yake sadaka kwa ajili ya mama yake. Mchoro wa mkononi ungemkumbusha mtoto peke yake. Sadaka humfikia mama. Na katika wema kwa mzazi aliyekufa ni kuwatazama aliokuwa akiwapenda. Yule shoga wa mama yako aliyezeeka, uliwahi kumjulia hali tangu siku ya maziko?

Sasa tuseme na wazazi ambao watoto wao wamekwisha kuchora. Msimfukuze mtoto nyumbani, wala msimwambie kuwa swala yake imekwisha haribika, akaiacha. Wino uko chini ya ngozi, hauyazuii maji ya udhu. Imam Nawawi, katika madhehebu yetu ya Shafi, ameeleza kuwa alama hiyo iondolewe ikiwezekana kwa matibabu. Lakini ikihofiwa madhara kwa kiungo, si lazima kuiondoa, na toba humtosha. Basi mtu asijichome ngozi kwa pasi au tindikali.

Tukumbuke pia kuwa imepokelewa kwamba Qays bin Abi Hazim aliingia kwa Abubakar Siddiq (RA) akiwa mgonjwa, akamwona mkewe, Asmaa bint Umays (RA), akimpepea, na mikono yake ina chale. Maulamaa wakaeleza kuwa zilikuwa za zama za Jahiliya. Ikiwa mikono ile ilimhudumia khalifa wa Mtume, sisi ni nani tumsukume safuni kijana aliyetubu?

Na mabinti wetu wanaotaka pambo, hina ipo. Ila wajihadhari na piko iliyochanganywa na rangi nyeusi ya nywele, maana hiyo huweza kuiunguza ngozi.

Yule kijana aliondoka bila kutuahidi lolote. Tangu siku ile tunamwona safuni. Mkono wake hatujauchungulia, wala si kazi yetu kuuchungulia. Tunachokiona ni kwamba imamu akitoa salamu, yeye hakimbilii viatu. Hubaki ameketi, ameinua viganja.

Tunamwomba Allah (SW) awarehemu wazazi wetu waliotangulia, na awaongoze vijana wetu. Amin.