Tufunge Paa, Kisha Tutawakali

Wazee wetu wa Unguja na Lamu walijenga vyumba vyembamba, vya takriban mita 3 au pungufu, kwa kuwa boriti za mikoko hazikuruhusu zaidi. Sisi leo twataka banda la gari la upana wa mita 6, lisilo na nguzo katikati, kwa mbao zilezile za chumbani.

Tufahamu: nafasi baina ya nguzo ikiongezeka maradufu, na uzito kwa kila mita ukibaki uleule, boriti hupinda mara 16. Tukiongeza kimo chake maradufu, kupinda hupungua hadi thumuni tu. Basi mbao isimamishwe kwa ubavu, na nguzo ya katikati isidharauliwe. Asiyeitaka, atumie chuma kwa hesabu ya mhandisi.

Tena, banda lililo wazi hunyanyuliwa na upepo kutoka chini. Misumari pekee haitoshi. Boriti zikazwe kwenye nguzo kwa bolti.

Chini ya paa hilo watoto wetu hucheza, na wageni wa akika huketi. Mwenye ngamia aliamrishwa amfunge, kisha atawakali. Nasi tufanye vivyo hivyo.