Nyumba ya familia kando ya ziwa: nani ana haki ya kuiuzisha?

Kwenye kuta nyingi za miji yetu tunasoma maneno yale yale: «Parsele haiuzishwe». Maandiko hayo si ya kutisha mwizi wa usiku. Yanaonya mutu wa ndani: kaka, baba mudogo ao shemeji mwenye kushika karatasi za nyumba.

Tuangalie Kalemie, katika jimbo la Tanganyika. Nyumba za wazee zilizo karibu na bandari na gare zinatafutwa sana, kwa sababu kazi na biashara viko pale. Lakini watoto wamesambaa: moja Lubumbashi, mwengine Bukavu, mwengine Kinshasa. Baba akikufa, mama anabaki peke yake munyumba, na komisioneri anafika na muteja mbele hata kilio kiishe.

Kuna pia maji. Ziwa Tanganyika liko na njia moja tu ya kutokea, muto Lukuga, pale pale Kalemie. Mvua ikizidi, ziwa linapanda kuliko Lukuga inavyoweza kupunguza. Wazee wanakumbuka mwaka wa 1964. Sisi tuliona 2021 na 2024 maji yakiingia ndani ya nyumba za watu. Basi familia zinasema: tuuzishe haraka, mbele ziwa halijachukua yote. Haraka hiyo njo inazaa mabishano.

Sheria inasema nini? Kodi ya familia ya 1987, iliyobadilishwa 2016, inapatia watoto robo tatu za urizi. Ni watoto wote, wanaume na wanawake, hata wale waliozaliwa inje ya ndoa kama baba aliwatambua wakati alikuwa hai. Robo inayobaki ni ya mujane, wazazi wa marehemu, na ndugu zake. Tena, mujane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba alimoishi na bwana yake na kutumia vyombo vyake. Na kama ndoa yao ilikuwa ya mali ya pamoja, sehemu yake katika mali hiyo inatolewa kwanza, mbele ya kugawa urizi.

Watu wengi wanakosea hapa: kama hakuna testama, sheria inapatia murizi mwenye miaka mingi kuliko wengine kazi ya kusimamia urizi. Yeye anasikia kama amepewa nyumba. Hapana. Kusimamia ni kukusanya mali, kulipa madeni na kugawia kila mutu sehemu yake. Akiuzisha peke yake, anauzisha pia sehemu za wengine.

Mununuzi naye ajiangalie. Sahihi ya shefu wa avenyu na mashahidi wawili haitoshi. Katika sheria ya 1973, udongo ni wa serikali, na haki ya mutu juu ya parsele inasimama kwa cheti cha uandikishaji kinachotoka kwa konservateri. Kama cheti kingali kwa jina la marehemu, muulize warizi wote wako wapi. Bila hivyo unaweza kutoa dolari zako leo, kesho ukaanza kutembea tribunali.

Kuuzisha nyumba ya familia si zambi. Mara ingine njo njia nzuri ya kugawana bila kupigana, zaidi kama maji yamefika kwenye mulango. Lakini maswali matatu yajibiwe mbele ya watu wote, na majibu yaandikwe: Nani anaishi ndani, na atakwenda kulala wapi? Warizi wote wametia sahihi, hata yule wa mbali? Maji ya 2024 yalifika wapi kwenye ukuta?

Muuzaji anayekimbia swali la kwanza, mununuzi akimbie naye. Huyo mama aliye munyumba hayuko sehemu ya parsele.