Marafiki Ambao Mama Hakuwajua

Akina mama wenzetu, mtoto akijifungia chumbani na michezo ya kompyuta, huwa tunasema huyo amekwisha kupotea. Trude na Robert Steen wa Norway nao walihuzunika hivyo. Kijana wao Mats alikuwa na ugonjwa wa kudhoofisha misuli, akitumia kiti cha magurudumu, na miaka yake ya mwisho alikesha kwenye mchezo wa World of Warcraft. Alipofariki Novemba 2014, akiwa na miaka 25, walimlilia kama mtu asiyekuwa na rafiki.

Wakawapasha habari wale aliocheza nao. Loo! Rambirambi zikamiminika kutoka nchi mbalimbali. Wengi hawakuwahi kumwona hata sura, lakini alikuwa amewasikiliza shida zao. Mama mmoja alisaidiwa naye kumkaribia tena mwanawe.

Kikundi chao, Starlight, kikafanya lile tunalolifanya sisi kwenye msiba. Wakachanga nauli, ili hata asiye na uwezo afike mazikoni. Wachache wakafika Norway, wakasimama pamoja na wazazi wa Mats. Hapo ndipo mama yake alipowaona kwa mara ya kwanza.