Anime hapa hapa Eldoret, kwani lazima Nairobi?

Haya wasomaji, leo naweka programu kando kidogo. Vijana wengi wa kompyuta hapa mjini wakitaka wikendi ya chakula cha Kikorea, muziki wa usiku na katuni za Kijapani, yaani anime, hupanda matatu kwenda Nairobi. Kilomita 300 na zaidi! Nusu ya wikendi inaishia barabarani, na pesa zote zinabaki kule. Mimi sikubaliani kabisa.

Eldoret ni jiji tangu Agosti 2024. Tena ina sababu yake ya kupenda anime. Tazameni Run with the Wind ya 2018: wanafunzi kumi wanajiandaa kwa Hakone Ekiden, mbio za kupokezana za siku mbili, na mmoja wao, Musa, ni Mtanzania. Wakenya hukimbia ekiden kweli. Samuel Wanjiru alisoma na kukimbia Japani kabla ya dhahabu yake ya Beijing 2008. Sasa hadithi hiyo ionyeshwe wapi kama si kwenye mji wa wanariadha?

Chakula je? Tteokbokki ni vipande vya unga wa mchele ndani ya mchuzi wa pilipili iliyochachushwa. Aliyelelewa kwa mursik ataogopa kilichochacha? Gimbap nayo ni wali uliokunjwa kama rolex ya Waganda, ila kwa mwani.

Tunahitaji ukumbi, projekta, jiko na DJ, Jumamosi moja tu. Wanafunzi wa vyuo wapo tele. Tuanze wenyewe.