Chopin kwa ogani ya kompyuta

Mpiga kinanda wa Uvira anayetaka kucheza Chopin kwa ogani ya kompyuta asizuiwe, ila asidhani kuchagua sauti kunatosha. Noti ya piano hugongwa kisha hufifia. Ya ogani husimama vilevile mpaka kidole kiinuke, hata ukiibonyeza kwa nguvu kiasi gani. Kile kikanyagio cha piano kinachoziacha noti zivume pamoja hakipo, hivyo mkono wa kushoto unaorukaruka huacha mapengo. Muziki huo sharti upangwe upya, besi ishushwe kwenye vibonyezo vya miguuni.

Wapo watakaouita uharibifu. Mbona mwaka 1849, katika mazishi ya Chopin mwenyewe pale kanisa la Madeleine, Paris, preludi zake mbili zilipigwa kwa ogani? Zilikuwa za polepole, na hapo ndipo pa kuanzia. Wengine watasema kompyuta haina mabomba. Kweli, lakini sauti zake hurekodiwa bomba kwa bomba, na mabomba halisi hudai fedha na mafundi, huku unyevu wa Ziwa Tanganyika ukisumbua mbao na ngozi. Pingamizi la kukatika kwa umeme ndilo zito zaidi. Bila betri, preludi itaishia katikati.