Kuunda Ndege Si Utoto

Wanafunzi wenzangu, hapa Kakuyuni ukionekana unaunda ndege ndogo ya mabawa mawili, ya kuongozwa kwa rimoti, utaambiwa, "Wewe, acha utoto, kasome!" Kwani huko si kusoma? Mkia ukizidi uzito, ndege huinua pua na kuanguka. Hiyo ni fizikia ileile ya ubaoni.

Wilbur na Orville Wright, ndugu wa Marekani, walianza na tiara ya mabawa mawili mwaka 1899. Mwaka 1903 wakaruka wenyewe, sekunde 12. Hapo jirani, baharini Ngomeni, Waitaliano walirusha setilaiti ya Marekani iitwayo Uhuru mwaka 1970. Jina letu, kazi yao! Tutatazama tu mpaka lini?

Walimu wetu, tufungulieni chumba cha ufundi japo Ijumaa jioni. Mcheza kwao hutunzwa.